Aliyeitika Kwanza

Mtoto alinyamaza kabla baba yake hajainuka. Hivyo ndivyo kisa kilivyoanza, kwa kitu ambacho mzazi mwingine angeshukuru na kuendelea na shughuli zake. Wasimulizi wa kubabaisha wangekuanzishia na paka mweusi na upepo wa usiku wa manane. Mimi usiku siuhitaji. Jini la usiku hata mtoto wa shule anaweza kulisimulia. Hili langu lilikuja mchana kweupe, saa za kazi, jua limekaa juu ya utosi, na kama naongopa mate haya yanikwame kooni.

Baba mwenyewe alikuwa fundi makochi. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika mtaani. Watu walimwita Springi, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya mdomo wake, ambao ukiugusa tu unaruka. Hakuna aliyepita mbele ya karakana yake akabaki salama. Siku moja alipita msukuma mkokoteni, mkewe anaumwa nyumbani, mtoto amemfunga mgongoni kwa mbeleko. Springi akatoa kichwa nje.

"Hongera, mama! Uzazi ulikuwa wa kawaida au wa kupasuliwa?"

Mtaa mzima ulishika mbavu. Tangu hapo yule mtu mzima na ndevu zake akawa Mama Mkokoteni, mpaka watoto wanaocheza gololi wakamwita hivyo, naye akaanza kupitia njia ya nyuma.

Sasa mwaka ule mke wa Springi akajifungua binti.

Kliniki waliitwa wote wawili, maana muuguzi wa pale alikuwa mkali, hapokei mama aliyekuja bila baba bila kuuliza maswali. Springi alisimama karibu na mlango, kofia imeshuka mpaka puani, kama mtu anayengoja kusomewa kesi. Muuguzi akawaambia wazazi wapya:

"Msidanganywe kwamba mtoto mchanga anadekezwa kwa kuitikiwa. Akilia, muitike. Kama mikono imeshika kazi, itika kwa mdomo kwanza, halafu mfuate. Yeye hajui jina lako wala cheo chako. Anamjua anayemjibu."

Springi alirudi karakana akamwigiza muuguzi kwa sauti ya pua mpaka mwenzake akalia kwa kicheko. Mwenzake huyo aliitwa Gundi, kwa kuwa akishakaa kwenye stuli hatoki.

"Eti mtoto ana simu, Gundi! Ikilia, nipokee!"

Likizo ya uzazi ya mkewe ilipokwisha, mambo yalibadilika. Mke alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha mikate, anaingia asubuhi, anatoka alasiri. Mama yake alikaa mbali, na wa Springi alishafariki. Wakakubaliana kwamba mtoto ashinde na baba yake karakana. Mke akawa anakamua maziwa, anayaacha kwenye chupa, anamkabidhi mtoto kwa mlango wa uani.

"Umchukue, umpakate, uongee naye," alimwambia.

"Wewe nenda, mke wangu. Nimeshika."

Alishika nini! Mtoto alimlaza chumba cha nyuma, ndani ya kochi kubwa ambalo halijamalizika, lenye fremu, springi na magunia tu, akamwekea mto pande zote, akashusha pazia. Gundi aliambiwa mtoto yuko nyumbani na mama mkwe. Mtoto akilia, Springi alipandisha redio. Akizidi, alichukua nyundo akagonga mbao yoyote iliyokuwa karibu.

"Huko nyuma kuna nini?" Gundi aliuliza.

"Paka."

"Paka wako analia kama anayeota meno."

"Fanya kazi, Gundi."

Nikwambie na sheria ya karakana ile, kwa sababu bila hiyo hutaona Springi alipojikwaa. Ilikuwa sheria moja tu na Springi ndiye aliyeitunga. Mteja akipiga hodi, fundi anayesema "Naam!" kwanza ndiye mwenye kazi. Mwenzake haruhusiwi hata kugusa futi ya kupimia. Aliyeitika kwanza ameshachukua, na huo ndio mwisho wa mjadala. Walishawahi kukunjana mashati kwa ajili ya "naam" mbili zilizogongana.

Basi siku hiyo alikuja mteja mwenye duka la simu, mtu nadhifu, ndiye mwenye lile kochi la chumba cha nyuma. Mkewe alikuwa mjamzito, na kochi lilikuwa la kukalia atakapokuwa ananyonyesha. Springi alimwitika, akampangusia kiti. Wakiwa katikati ya kuchagua kitambaa, mtoto akaanza. Kilikuwa kilio cha njaa, kile kinachopanda ngazi. Mteja akageuza shingo.

Springi akachukua nyundo, akagonga. Mtoto akapaza. Springi akagonga tena, jasho linamtiririka, akanong'ona huku ameuma meno, "Si aitike mtu mwingine, jamani, mtu yeyote."

Na nyuma ya pazia sauti ya mwanamke ikasema taratibu:

"Abee, mwanangu."

Mtoto akanyamaza.

Mteja akatabasamu. "Kumbe mama mtoto yupo."

Springi alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Angesema hapana, mimi leo nisingekuwa na hadithi. Lakini kusema hapana kungeleta swali la pili, na swali la pili lingemtoa mtoto nje, na mtoto angewekwa mikononi mwake mbele ya mteja na mbele ya Gundi.

"Yupo," akasema. "Yupo, ndiye anayelea."

Mteja alipoondoka, Springi alivuta pazia. Chumba kitupu. Mlango wa uani umefungwa kwa komeo la ndani. Mtoto amelala, mdomo umelowa maziwa, na chupa iko palepale imejaa. Kando ya mtoto magunia ya kochi yalikuwa yamebonyea, na sasa yalikuwa yanarudi juu polepole, springi moja inalia *kriii*, kisha nyingine, kisha nyingine. Fundi makochi hahitaji kuambiwa. Ule ulikuwa uzito wa mtu mzima aliyenyanyuka sasa hivi.

Chumbani mlikuwa na harufu ya utosi wa mtoto mchanga. Ni harufu nzuri, unaijua. Ila hii ilitoka kwenye mbao, kwenye magunia, kwenye misumari.

Nani angebaki kimya? Springi alibaki. Alirudi kwenye kazi yake, na kesho yake mtoto alipolia na ile "abee" ikaja, akajikuta ameshusha pumzi kwa nafuu. Redio ikazimwa. Kazi zikaenda. Gundi akasema kumbe mama mkwe wako ndiye yuko huko nyuma, ana sauti nzuri, mbona hatoki tukamsalimia? Springi akamjibu kwamba ana haya.

Nyumbani, mkewe alishika chupa akaitazama.

"Mbona yamerudi yote?"

"Alishiba."

"Ameshiba nini, baba?"

"Watoto wana siku zao, bwana."

Kisha mtoto akaanza kukataa ziwa. Mama akimpakata, anageuza uso, anajikaza kama ubao. Akimwita, hageuki. Akimwimbia, anatazama pembe ya dari na kumchekea mtu asiyekuwepo. Mke akaanza kujikunja. Springi alimsikia bafuni, amefungua bomba maji yatiririke bure ili kilio kisisikike. Alipotoka, macho mekundu, alisema, "Ni mimi. Nimerudi kazini mapema. Ameniona nimemtupa."

Springi alitazama kucha zake. Ulimi ule uliokuwa unaruka kwa kuguswa tu, siku hiyo uliguswa na haukuruka.

Kliniki ndiko alikotamani ardhi ipasuke. Muuguzi alimpima mtoto, akaona amenenepa, akauliza nani anashinda naye. Mke akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, "Baba yake."

Muuguzi akawageukia akina mama waliojaa benchi. "Mnamwona huyu? Ndiye baba! Wangekuwa wote hivi, mngezeeka vizuri."

Akina mama wakampigia makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Springi alisimama pale akipigiwa makofi kwa kazi ya mwingine, mkewe ameinamisha kichwa kando yake, na mtoto juu ya mzani ananyoosha mikono kuelekea kiti kitupu kilichokuwa ukutani. Kiti kile, nasema, kilikuwa kimebonyea.

"Muda si mrefu atatamka neno lake la kwanza," muuguzi alisema kwa furaha. "Tayari anachezea ma-ma-ma. Msikilizeni vizuri atamwita nani."

Siku iliyofuata Springi aliamua kumaliza. Alikaa karibu na pazia, nyundo ameiweka mbali, Gundi amekwenda kununua pini. Mtoto akaguna. Springi akaruka, akafungua mdomo, na kabla hajapata pumzi ikasikika, "Abee, mwanangu," karibu mno, kama imesemwa ndani ya sikio lake. Akavuta pazia, na alichokiona ni kochi lile alilolifunika jana yake kwa mikono yake mwenyewe, kitambaa kimekazwa na kupigwa pini kila ukingo, na chini ya kitambaa hicho, palipopaswa kuwa na sponji na hewa, palikuwa na mapaja, na kiuno, na mabega yaliyokuwa yanapanda na kushuka kwa pumzi, na mikono miwili iliyokisukuma kitambaa kutoka ndani ikamzunguka mtoto bila kutoboa hata uzi mmoja, na mtoto amekandamiza uso kifuani pa kochi ananyonya, ananyonya na kumeza, koo lake dogo linacheza, na maua ya kitambaa yamelowa maziwa yanayoenea polepole, na ile harufu ya utosi imekuwa nzito kiasi kwamba ukiivuta unahisi unameza nywele.

"Karibu, fundi," sauti ikasema. "Usigonge kitu, ndiyo kwanza anasinzia."

Springi akanyoosha mikono. "Ni... nirudishie mtoto."

"Nimekuibia?" Sauti ilikuwa ya heshima, kama ya mfanyakazi anayejua haki zake. "Mtoto aliita. Nilikusubiri uitike, ukagonga nyundo. Ukaomba mtu yeyote. Nikaitika mimi. Mteja akadhani mama yupo, ukamwambia yupo. Kwa sheria ya karakana hii, kazi ni ya nani?"

Springi akageuza macho kuitafuta nyundo aliyoiweka mbali.

"Naipenda kazi yangu. Nangoja aniite tu. Siku akiniita mama, kazi itakuwa imekwisha. Nami kazi ikiisha huwa naondoka nayo."

Mtoto aliachia kitambaa, akacheua kidogo, akasema usingizini, "Ma... ma..." na kochi zima likatetemeka kwa furaha.

Jioni hiyo Springi alimwambia mkewe. Walikaa jikoni, wananong'ona, mtoto kati yao.

"Tangu lini?" mke aliuliza.

"Tangu wiki ile ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kuonekana nimebeba mtoto."

Mke hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Mimi najikamua maziwa kwenye choo cha kiwanda, nimeegemea mlango usiofungika, naomba Mungu mwanangu anisamehe. Unanisikia bafuni. Unajua. Na wewe ulikuwa unaona haya ya *watu*?" Akamchukua mtoto, mtoto akajikaza kama ubao, naye akambana vivyo hivyo. "Namwita shangazi."

Shangazi yake alikuwa mkunga mstaafu, mnene, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na zaidi ya kuzalisha alisifika kwa kuwatoa wasioonekana. Alikuja asubuhi bila kitabu, bila ubani. Aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akalipiga kochi kofi kama anavyopigwa ng'ombe mnadani, akatoka.

"Huyu simfukuzi," akasema.

"Kwa nini, shangazi?" mke akaruka.

"Hakuvunja mlango. Ameajiriwa. Mumeo kamwajiri mbele ya shahidi. Basi ataachishwa mbele ya mashahidi." Akamgeukia Springi, akamtazama kuanzia kofia hadi kandambili. "Mkwe wangu, mtoto wako amezoea neno gani?"

"Abee," Springi akanong'ona.

"Basi utatoka nje na huyu mtoto mgongoni, kwa mbeleko, barabarani, mtaa ukiwa umejaa. Akilia, uitike kabla ya yule. Na usiniletee 'naam' yako. Hiyo haijui."

"Shangazi! Mwanamume aseme abee? Barabarani?"

"Hutaki? Mwache basi amwite mama. Tayari anajaribu."

Alifungwa mbeleko na mkewe mwenyewe, kimyakimya, fundo likakazwa kifuani kuliko lilivyohitaji. Ilikuwa ya maua mekundu. Akatoka.

Mimi nimeona watu wakipelekwa polisi wakiwa na uso mzuri kuliko ule. Gundi aliangusha pini zote. Muuza vocha akapiga mluzi, wanawake wa saluni wakatoka na rola vichwani, na mtu mmoja akaita kutoka ng'ambo, "Hongera, mama! Wa kawaida au wa kupasuliwa?" Kicheko kikalipuka. Springi akainua macho, na nani amesimama mbele yake na mkokoteni wake, siku ambayo kwa bahati hakupitia njia ya nyuma? Walitazamana. Mama Mkokoteni hakucheka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Mtoto akalia.

Springi alifungua mdomo, na neno likamkwama. Alikuwa anamtazama yule mtu aliyemvua utu mbele ya mtaa huuhuu, na aibu ikapanda kutoka tumboni ikaziba koo. Ndani ya karakana nyuma yake springi zikalia, zote kwa pamoja, kriii, na sauti ikatoka, safi, ya upendo, mtaa mzima ukaisikia:

"Abee, mwanangu."

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa waya. Kila mtu aliona kwamba karakana ilikuwa tupu. Mtoto akanyamaza, akaanza kujigeuza mgongoni, anajinyonga kuelekea mlangoni, mikono imenyooka, na fundo la mbeleko likaanza kulegea lenyewe bila mkono wa mtu, na ile harufu ikamwagika barabarani mpaka wanawake wa saluni wakashika matiti yao bila kujua kwa nini, na mtoto akafungua kinywa akavuta pumzi ya mtu aliye na neno la kusema, "Ma... ma..."

Shangazi akamfinya paja.

Alimfinya kwelikweli. Mtoto akapiga yowe, na safari hii Springi hakungoja koo lifunguke; alilipasua.

"Abee! Abee, mwanangu! Abee, mama, niko hapa! Ni mimi! Abeee!"

Aliitika kwa sauti iliyopanda mpaka ikawa kama ya kike, machozi na kamasi vinashuka pamoja, anazungukazunguka barabarani kama aliyechomwa mwiba, huku mbeleko ameishika kwa mikono yote miwili. Mama Mkokoteni akaacha mkokoteni wake, akaja, akamfunga fundo upya. "Pitisha chini ya kwapa," alimwambia tu. "Hivyo halitoki."

Ndani ya karakana kitu kikachanika, kirefu, kama kitambaa kizima kinachoraruliwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Harufu ikapotea. Mtoto akaweka shavu mgongoni pa baba yake, akalala.

Jioni alinyonya kwa mama yake. Mke alilia bila kufungua bomba. Mume akatandika mkeka sebuleni, hakuulizwa na hakuaga.

Hadithi ingeishia hapo kama Springi angemsikiliza shangazi mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka alimwambia, "Kila alichokalia, ukizike. Mbao, kitambaa, vyote." Springi alizika mbao. Alizika kitambaa, magunia, mpaka pini. Lakini springi zilikuwa nzima, nzuri, ngumu kupatikana, na mwenye duka la simu alikuwa anakuja kuchukua kochi lake. Angemweleza nini? Kwamba limezikwa? Angeuliza kwa nini. Angekumbuka ile siku, yule "mama mtoto" nyuma ya pazia. Mtaa ulijua nusu ya aibu yake. Nusu hii ya pili, ya kwamba aliposema "yupo" alijua hakuna mtu, waliijua mkewe na shangazi tu. Akazisugua springi kwa mafuta ya taa, akaunda fremu mpya, akafunika kwa kitambaa kipya. Mteja akalichukua, akashukuru.

Springi akaendelea kulea. Alishinda na mtoto mgongoni, akipiga pini, na mtu akimwita Mama Springi aliitika. Alianza kuamini kwamba amelipa.

Kisha mwenye duka la simu akapita, anang'aa.

"Fundi, nimekuja kukushukuru. Mke wangu kajifungua. Na lile kochi lako, sijui umelitia nini! Mtoto wetu halii. Akianza tu, ananyamaza kabla hatujainuka."

Nyundo ilimtoka mkononi. Mtoto mgongoni akaguna. "Abee," akasema bila kujijua, na alikuwa tayari anavaa viatu. "Twende kwako, kaka. Sasa hivi. Nina jambo la kukueleza njiani, nami nakuomba usinitazame ninapolieleza."

Walitembea haraka, Springi akizungumza chini chini, mwenzake akipunguza tabasamu hatua kwa hatua. Walipofika kwenye kona ya nyumba ya mwenye duka walikutana na mkewe, anatoka dukani na mche wa sabuni mkononi.

"Mbona uko nje?" mume akauliza, sauti imekauka. "Mtoto umemwacha na nani?"

Mke akawashangaa wote wawili.

"Si mama yako amefika? Mtoto alilia nikiwa uani, nikamsikia anamwitika."